Nguzo Moja ya Ajwang'

Kama kuna mtu Voi nzima aliyekuwa tayari kwa siku ya mwisho, ni Mzee Ogutu. Hilo hakuna wa kumbishia. Alilala amejifunga kamba ya mkonge kiunoni, viatu viko kando ya kitanda vikielekea mlangoni, kanzu nyeupe imepigwa pasi na kutundikwa msumarini. Parapanda ingelia saa yoyote, naye angehitaji dakika moja tu, ya kuvaa viatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa tayari hivyo. Watu wa mtaa wake, Kaloleni, walimcheka sana, lakini mimi sicheki. Mimi nina hasira, kwa sababu aliyelipia utayari wote ule hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, Ajwang'.

Ogutu alikuja kutoka Alego, kwa Wajaluo, mwaka wa themanini na tatu, kijana mwenye mabega mapana, akaandikwa kazi ya kukata mkonge katika shamba moja nje ya mji. Mwaka uliofuata akamleta mke. Ajwang' akapewa kazi ya kuanika nyuzi za mkonge juani, akasimama kwenye nyaya za kuanikia kuanzia asubuhi hadi jua la saa tisa, mikono ikamkauka ikawa kama gome. Mtoto wao wa kwanza, Calvince, alizaliwa humo humo shambani, katika kambi ya wafanyakazi. Walisema watakaa miaka mitano, halafu warudi nyumbani wajenge. Kila mtu kambini alisema miaka mitano.

Msomaji asiyetoka kwao anisikilize hapa, maana kisa chote kimeshikwa na jambo hili. Mjaluo anaweza kuishi ugenini miaka hamsini, akazeekea huko, akapata wajukuu huko, lakini hajahesabiwa mtu mzima mpaka afungue boma lake nyumbani. Na boma halifunguliwi kwa simu. Baba hutangulia, mwana wa kwanza hufuata na shoka na jogoo, mama huja na moto wa kupikia. Baba husimamisha nguzo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na nyumba ya kwanza kusimama ni ya mke. Nguzo hiyo isiposimama, mwana naye hawezi kujenga chake, hata aote mvi, kwa kuwa mtoto hamtangulii baba. Na mke akifa kabla haijasimama, mwili hauna mlango wa kuingilia. Haulazwi nyumbani kwa shemeji, wala kwa jirani. Mke huzikwa kando ya nyumba yake, na asiye na nyumba hana kando.

Ajwang' aliyajua hayo tangu utotoni. Hakutaka gari, hakutaka nguo za Mombasa. Alitaka nyumba ya udongo yenye mlango mmoja, Alego, na mumewe ndiye asimamishe ile nguzo ya kwanza.

Basi mwaka wa mvua za Elnino, Ogutu akaokoka.

Aliokolewa na Mchungaji Maxwell, mzaliwa wa Marungu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza iliyokuwa ikisikika hata upande wa pili wa reli. Kanisa lake lilikuwa la mabati, likaitwa Kanisa la Waliojifunga. Mafundisho yalikuwa machache na hayakuhitaji shule. Bwana yuko mlangoni. Mtumwa mwema ni yule anayekutwa amefunga kiuno. Kwa hivyo kila muumini afunge kamba kiunoni, mchana na usiku, na asifanye jambo lolote linaloonyesha kwamba anatarajia kukaa duniani muda mrefu. Pojo unaweza kupanda, kwa sababu zinaiva haraka. Mwembe hapana. Na nyumba ndiyo dhambi kubwa kuliko zote. "Anayejenga," Maxwell alikuwa akisema, "ni yule aliyechoka kungoja."

Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba ya mawe kule Marungu, paa jekundu, tangi la maji mbele. Lakini aliijenga kabla hajaokoka, kwa hivyo ilikuwa ya Maxwell wa zamani. Huyu wa sasa alikuwa akiitunza tu.

Ogutu aliyapokea mafundisho kama shamba kavu linavyopokea mvua. Sijui kama nimlaumu. Mtu aliyekata mkonge miaka kumi na tano, akachomwa na miba mpaka makovu yakapandana, akiambiwa kwamba hahitaji kuhangaika tena na mabati wala misumari, kwamba jumba lake liko tayari juu, kwa nini asifurahi? Akafanywa mzee wa kanisa. Wa kusuka zile kamba za kiunoni akawa Ajwang'. Alikuwa akiokota nyuzi fupi zilizokataliwa pale kwenye nyaya za kuanikia, anazisokota juu ya paja jioni akiwa ameketi mlangoni, na waumini wote wa Maxwell wakajifunga kazi ya mikono yake.

Na msidhani hakuamini. Aliamini. Alifunga kamba yake kama wengine, na aliomba kwa machozi kuliko mumewe. Ila alikuwa na swali moja, akaliuliza mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Baba Calvince, Bwana akija akanikuta nimejenga, atanikasirikia?"

"Si kujenga ndiko kubaya, Mama. Ni moyo. Ukijenga moyo unabaki huko."

"Moyo wangu uko huko tayari. Mwili tu ndio uko hapa."

"Ndiyo maana nakuombea," Ogutu alijibu, na kwa kweli alikuwa akimwombea.

Mara moja tu Ajwang' alikaribia kuipata nguzo yake. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2014. Calvince alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa magari pale barabara kuu, ana mke, Lavender, na mtoto. Baba mkwe wake alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba binti yake hakuolewa, amepangishwa. Calvince akaja kwa babake akapiga magoti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ubatizo. Akamsihi waende nyumbani wiki moja tu. Ogutu, sijui ni kitu gani kilimgusa, akakubali.

Ajwang' hakuamini masikio yake. Calvince alinunua shoka jipya, akanunua na jogoo mwekundu, wakamfunga miguu wakamweka chini ya kitanda. Siku tatu jogoo yule aliwika humo ndani, na Ajwang' akawa anamjibu kwa vigelegele vidogo, mwanamke mzima wa miaka hamsini. Tiketi za basi zilikuwa za Jumatatu.

Jumapili Maxwell akahubiri juu ya mke wa Lutu, aliyegeuka nyuma kutazama alikotoka akawa nguzo ya chumvi. Hakutaja jina la mtu. Alimtazama tu Ogutu. "Kuna wapendwa," alisema, "walioshika njia, lakini macho yanatazama nyuma. Na Bwana atakuja wiki hiyo hiyo waliyoondoka." Kanisa likaguna. Ogutu akasimama mbele ya watu wote, akalia, akatubu. Halafu, ili toba yake ionekane, akawaalika mchungaji na wazee wenzake chakula cha mchana.

Nyumbani hapakuwa na nyama. Palikuwa na jogoo.

Ajwang' ndiye aliyemchinjisha, akamnyonyoa, akampika kwa mchuzi mzito, akawapakulia. Maxwell alikula firigisi na kusema Mama Calvince ana mkono mtamu. Calvince akaja jioni, akaona manyoya uani. Alichukua shoka lake akaenda nalo. Kutoka siku ile alimwita babake "Mzee", kama anavyomwita mteja.

Miaka ikaenda. Ogutu akastaafu, wakahama kambini wakapanga chumba kimoja Kaloleni, ploti moja na Mwanarusi, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Ajwang' na Mwanarusi wakashikana kama ndugu. Waliketi pamoja kwenye baraza, mmoja akichambua mbaazi, mwingine akisokota kamba.

"Sisi nasi twakingoja Kiyama," Mwanarusi alimwambia siku moja Ogutu akiwa ndani anasikia. "Lakini twajenga, na minazi twapanda. Ngojangoja huumiza matumbo, Baba Calvince." Ogutu alikohoa tu.

Mwaka jana tumbo la Ajwang' likaanza kuuma kweli. Kwanza alisema ni vidonda vya tumbo, akanywa maziwa. Halafu likavimba upande mmoja, naye akakonda pande nyingine zote. Hospitalini daktari kijana alimwita Ogutu pembeni, akamwambia uvimbe umeenea, na kama kuna jambo familia ingetaka kulitengeneza, walitengeneze mapema. Ogutu alirudi kitandani akamwambia mkewe kwamba daktari anasema aombewe.

Ajwang' hakuwa mjinga. Usiku wala mchana haukupita tena bila yeye kuomba lile jambo lake, na sasa hakuomba nyumba. Aliomba nguzo.

"Moja tu, Baba Calvince. Panda basi, fika, chimba shimo, simamisha mti wowote, hata wa kuni. Shemeji Morris na vijana watamalizia. Siku nne na umerudi."

"Nikienda kusimamisha nguzo ya kaburi lako, nitakuwa nimemwambia Bwana achelewe."

"Na asipofika kabla yangu?"

"Atafika. Wewe hutaonja mauti. Tutabadilishwa sote tukiwa hai. Nimeonyeshwa."

Hakuwa anadanganya. Huo ndio ubaya wenyewe. Alikuwa ameonyeshwa katika ndoto, akaamini. Kanisa likafunga siku saba, na Ogutu akala kwa siri mara moja tu, akatubu. Alimpangusa mkewe jasho, akambadilisha nguo, akambeba hadi msalani kama mtoto. Angempa damu yake yote. Nguzo hakumpa.

Asubuhi ya Alhamisi moja, Mwanarusi akiwa amemletea uji, Ajwang' alimshika mumewe mkono.

"Niambie tu jambo moja. Wakinipeleka nyumbani, wataniingiza kwa mlango gani?"

"Kwa mlango wa mbinguni, Mama."

Ajwang' aliuachilia mkono wake, akageukia ukuta. Saa nne akawa amekata roho akiwa amegeuka hivyo hivyo.

Morris, mdogo wake Ogutu aliyebaki Alego, alipiga simu kabla ya adhuhuri. Wazee walikuwa wamekaa tayari. "Kaka, pole sana. Shemeji tunamtaka hapa. Lakini mwili hauwezi kuingia bomani bila nyumba, unajua. Panda basi la leo. Gari la maiti lifuate Jumamosi. Wewe ufike tu, ushike nguzo moja kwa mkono wako, sisi tutajenga hiyo nyumba kwa siku moja."

Hata hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa haujafungwa. Ogutu alibaki ameshika simu sikioni. Naye Maxwell alikuwa ameketi karibu naye, amekuja kufariji. Akamwekea mkono begani. "Mzee Ogutu, parapanda ikilia, wafu watafufuka hata wakiwa Voi. Au unafikiri Bwana hajui njia ya Voi? Usije ukamtia Dada Ajwang' aibu kwa kujenga juu ya maiti yake kile alichokikana akiwa hai."

Hakukikana akiwa hai hata siku moja. Ogutu alilijua hilo. Lakini kusimamisha nguzo sasa kungekuwa kukiri kwamba angeweza kuisimamisha jana, na juzi, na mwaka ule wa jogoo. Hakuwa na nguvu za kulikiri jambo kubwa kiasi hicho. Akamwambia mdogo wake, "Atazikwa hapa, kati ya watakatifu."

Calvince alipoambiwa, alitoka nje akapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavuja damu. Akataka kumchukua mama mwenyewe. Wazee wa nyumbani wakamwambia kwa upole kwamba mtoto hasimamishi nguzo ya babake ambaye bado anapumua.

Siku ya mazishi ilitokea kasoro. Jeneza lilikuwa tayari, shimo lilikuwa tayari pale makaburi ya umma, lakini hapakuwa na kamba za kuteremshia. Ogutu akakumbuka kuna gunia chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala mkewe. Akalivuta. Ndani yake kulikuwa na kamba mpya za mkonge, misokoto kwa misokoto, nene, zimesukwa vizuri kuliko mshipi wowote aliowahi kuvaa mtu kanisani. Ogutu akalia kwa furaha. "Mnaona?" aliwaonyesha wenzake. "Mnaona alivyokuwa tayari? Amejitayarishia hata hizi!" Maxwell akalihubiri hilo kaburini kwa nusu saa nzima. Wakamteremsha Ajwang' kwa kamba zake, na kwa kuwa ilikuwa desturi ya kanisa kwamba mtakatifu afufuke amejifunga, zilizobaki nazo wakazitupa shimoni juu ya jeneza. Udongo mwekundu ukafuata.

Waliporudi, Mwanarusi alikuwa ameweka chai. Alitazama chini ya kitanda wakati anafagia, akainuka polepole.

"Baba Calvince, lile gunia liko wapi?"

"Tumelitumia. Zilikuwa kamba za mazishi yake."

"Za mazishi?" Mwanarusi aliketi chini. "La hasha. Zile ni za kufungia fito za nyumba yake. Miaka kumi azisokota. Aliniambia misumari itamshinda kununua, lakini kamba hazitamshinda. Tangu mwaka ule wa jogoo. Zilikuwa zatosha nyumba nzima. Tulizipima hapa uani, mimi na yeye, tukachora chini duara ya nyumba tukaizungusha. Mumezifukia?"

Chai ilipoa mbele ya Ogutu. Watu wakaaga, akabaki ameketi na kanzu yake nyeupe yenye vumbi la makaburini. Mtu aliyekuwa tayari kwa jambo lolote duniani hakuwa tayari kwa gunia lile. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mjukuu huyu alimpanda mabegani asishuke tena. Usiku wake aliuvua ule mshipi kwa mara ya kwanza, akaushika mkononi, akaunusa. Asubuhi akaufunga tena, maana hakujua mtu huishi vipi bila huo.

Siku ya tatu akampigia Morris.

"Nakuja nyumbani," alisema. "Nakuja kujenga. Mwambie Calvince alete shoka."

"Kujenga na nani, kaka?" Morris aliuliza. "Boma hufunguliwa na mume na mke wake wa kwanza. Shemeji alipokuwa hajazikwa, mwili wake ungehesabiwa; sasa nani ataleta moto? Mwanamume asiye na mke hafungui boma, hilo si mimi niliyelitunga. Na hata ukioa kesho, mke wa kwanza hapatikani mara mbili."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo imeisha. Siku yako ikifika tutakulaza ndani ya boma la baba, pembeni, pale wanapolazwa vijana waliokufa kabla ya kuoa. Nafasi ipo."

Ogutu ana miaka sitini na saba.

Wiki iliyofuata Calvince alikuja Kaloleni, mchana, amevaa ovaroli ya kazini. Hakuja na ubaya wowote. Alileta unga, sukari na dawa ya kifua. Ogutu alikuwa kwenye baraza, alipokuwa akikaa Ajwang'. Akajikaza akamwambia mwanawe yale aliyopaswa kumwambia miaka kumi iliyopita, kwamba amekosa, amemkosea yeye na amemkosea mamake, na laiti ingewezekana angetembea kwa miguu hadi Alego.

"Ni sawa," Calvince alisema. "Mimi nimeongea na wazee. Nimepanga vitu zangu."

Ogutu akainua uso. "Umepanga?"

"Nguzo nimekata. Mabati nimenunua, iko kwa Baba Mdogo Morris, imefunikwa turubai. Lavender ameshafunga vyombo. Hata jogoo iko, tunafuga. Tumebakisha kungoja tu."

"Mnangoja nini, mwanangu?"

Calvince alimtazama bila hasira, kama fundi anavyomtazama mtu anayeuliza gari litatoka lini.

"Wewe, Mzee. Wamesema ukishalala pale kwa babu, mimi napewa kiwanja siku hiyo hiyo. Saa ndiyo hatujui." Akamwekea chupa ya dawa karibu. "Kifua kinaendeleaje?"

Ogutu alisikia swali lile, na akasikia kilichokuwa kinangoja nyuma yake. Akasema kinaendelea vizuri. Na akaona jinsi mwanawe alivyokaza uso kidogo, kisha akatabasamu, akaaga.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada simu yake hulia, na majirani humsifu kwa kuwa na mtoto anayemkumbuka. Yeye huketi kwenye baraza na kamba yake kiunoni, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mzee, umeamkaje?"

"Bado nipo."

"Haya," Calvince husema. "Sisi tuko tayari."